Kubanwa na Pumzi Ghafla: Tusilaumu Baridi Tu



Huku kwetu Mbeya na Iringa baridi ni kali. Mtu akibanwa na pumzi usiku, watu husema, "Ni baridi." Wengine husema ni pumu. Wengine husema amelogwa. Mara nyingi moyo ndio unaoumwa. Lakini pengine chanzo kiko kwenye figo.

Fikiri juu ya mfereji wa mpunga kule Usangu. Mfereji ukijaa matope, shamba la mwisho hukosa maji. Mwenye shamba hupiga kelele kwamba maji hayatoshi. Banio likifunguliwa zaidi, mashamba ya juu hufurika.

Figo nayo hufanya hivyo. Mshipa unaoipelekea damu ukiwa mwembamba, figo hudhani mwili mzima umepungukiwa. Huuamuru mwili uzuie chumvi na maji. Presha hupanda. Moyo hulemewa. Maji hujaa mapafuni kwa muda mfupi. Mgonjwa hutweta, hawezi kulala, pengine hukohoa povu.

Mwaka 1988 madaktari wa Marekani, akiwemo Thomas Pickering, walieleza habari za wagonjwa 11 wa namna hii. Mishipa ya figo ilipopanuliwa, wengi wao hawakubanwa tena.

Kwa maoni yangu, tunafanya makosa mawili. La kwanza ni kungoja kupambazuke. Mgonjwa huyu aweza kufa kabla ya jogoo kuwika. Msimlaze. Mkalisheni wima, miguu ikining'inia, na mpelekeni hospitali usiku huo huo. Kila kijiji kipange mapema ni gari la nani litakalotumika.

Kosa la pili ni kuazimana dawa za presha. Zipo dawa nzuri za presha ambazo huweza kuidhuru figo yenye mishipa myembamba. Dawa iliyomfaa jirani yaweza kukuumiza wewe.

Basi, nenda zahanati ukapimwe presha hata kama huumwi. Kama presha haishuki ingawa unameza dawa, au umebanwa na pumzi zaidi ya mara moja, omba upelekwe Hospitali ya Mkoa, Iringa, au Hospitali ya Rufaa, Mbeya. Uliza bila woga: "Je, figo zangu zimepimwa?" Punguza chumvi. Acha tumbaku, maana huharibu mishipa.

Kuuliza si utovu wa adabu. Mwili ni wako, na uhai ni wako.