Siyu: Ngome Imesimama, Fundi Yuko Wapi?

Toleo hili linahusu majengo ya kale, nasi tumeamua kuanzia Siyu, kisiwani Pate, pwani ya Kenya. Mji wenyewe haujatoweka: watu wapo, swala inaswaliwa, na wachache bado wanashona makubadhi. Kilichotoweka ni mji wa mafundi, ule uliosifika katika karne ya 18 na 19 kwa milango na viti vya nakshi, kazi za ngozi na misahafu iliyonakiliwa kwa mkono. Ni mji ule ule uliolishinda jeshi la Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, miaka ya 1840. Ngome yake imekarabatiwa, na ni jambo jema. Ila aliyemlisha fundi hakuwa ngome, alikuwa mwenye nyumba. Nyumba ya mawe ilimhitaji mchoma chokaa, mwashi na mchonga mlango, kisha yule wa kitanda na kiti cha kuweka ndani. Matofali ya saruji, geti la chuma na makochi ya dukani vilipoingia, wote hao walikosa kazi kwa pamoja. Ndiyo maana semina za kazi za mikono hazifui dafu: humfunza kijana kuchonga mlango usio na nyumba.

Watasema mikoko ya boriti na matumbawe ya kuta havikatwi tena ovyo kama zamani. Kweli, wala visikatwe. Lakini ujuzi si malighafi. Wembamba wa chumba cha kale ulitokana na urefu wa boriti, haukuwa sheria. Chumba na kipanuliwe, chokaa ipakwe hata juu ya tofali. Pingamizi zito zaidi ni mji jirani wa Lamu, ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2001: ukarabati umewapa wachongaji kazi, lakini nyumba nyingi, hasa katika kijiji cha Shela kilicho karibu, zimeishia mikononi mwa wageni. Hilo hatulipuuzi. Kwa hiyo Siyu isianzie kwenye hoteli, wala maskini asilazimishwe kujenga asichokimudu. Ianzie kwenye madarasa, zahanati na ofisi ya chifu, majengo ambayo fedha za umma zitayajenga vyovyote vile. Zabuni ikidai mlango wa nakshi za Siyu na plasta ya chokaa, fundi atapata sababu ya kumchukua mwanagenzi. Gharama itapanda kidogo. Lakini geti la chuma nalo hulipiwa, na chuma chake hakichimbwi Pate.