Tahariri: Mtoto mwenye ulemavu ameandikishwa shuleni. Je, anasoma?

Ingia katika darasa la shule ya msingi hapa kwetu, iwe Goma, Bukavu, Butembo ao Uvira, saa tatu ya asubuhi. Mwalimu amegeukia ubao, anaandika. Watoto wamebanana kwenye mabenchi, wananakili. Kitabu mara nyingi ni kimoja tu, kile cha mwalimu. Kinachoandikwa kwa krei ndicho somo lenyewe, na asiyekinakili hana kitu cha kusoma nyumbani wakati mtihani unakaribia.

Sasa tuweke katika darasa hilo mtoto asiyeona vizuri. Mwengine anasikia kwa sikio moja tu. Mwengine alipoteza mkono wa kuume wakati bomu lilipoanguka karibu na kwao. Wote watatu wameandikishwa, majina yao yako kwenye orodha. Lakini somo liko ubaoni, na hakuna aliyefikiria namna litakavyowafikia.

Katika nchi yetu mazungumzo juu ya watoto wenye ulemavu yanasimama karibu kila mara kwenye mlango wa shule. Tunasema mtoto apokelewe, asifukuzwe, asichekwe. Ni kweli. Lakini kisha kuvuka mlango huo anakaa miaka miwili katika darasa moja, buletini yake ina alama nyekundu kila muhula, na mwishowe mzazi anaamua abaki nyumbani. Majirani watasema « akili yake haikuweza ». Hakuna atakayeuliza kama shule iliweza.

Sheria hazikosekani. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema katika kipengele cha 43 kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali, na katika kipengele cha 49 kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya hatua maalum za kumlinda. Mwaka wa 2015 Kongo ilijiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao kipengele chake cha 24 kinahusu elimu. Tangu 2019 kuna waziri anayehusika na watu wanaoishi na ulemavu. Na tarehe 3 Mei 2022 ilitiwa sahihi sheria namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki zao. Mwalimu wa darasa la tatu anayeandika ubaoni saa tatu ya asubuhi, ni nani alimweleza sheria hiyo inamuomba kufanya nini?

Tuchukue mfano wa mtoto albino. Wengi wanafikiri shida yake ni ngozi na jua peke yake. Shida yake kubwa darasani ni macho: maalbino karibu wote wanaona kwa taabu, na miwani haiponyeshi kila kitu. Akikaa nyuma, ubao ni ukuta mweusi wenye alama nyeupe zisizosomeka. Akikaa karibu na dirisha, mwangaza unamchoma macho. Kumbe kinachohitajika ni benchi ya mbele, mbali na dirisha, ruhusa ya kusimama na kukaribia ubao bila kukemewa, na daftari la jirani la kunakili wakati wa mapumziko. Haviombi hata faranga moja. Kisha kuna jambo la kofia. Asubuhi watoto wanasimama uwanjani kwa kupandisha bendera, na kuna shule ambako mwanafunzi hakubaliwi kuvaa kofia kwa sababu si sehemu ya yunifomu. Kwa mtoto huyu kofia ni dawa. Direkta anayemvua kofia kwa jina la nidhamu anamuumiza, hata kama hakukusudia.

Mtoto asiyesikia vizuri ni shida ya namna ingine, kwa sababu ulemavu wake hauonekani. Nilisoma shule ya msingi pamoja na kijana mmoja ambaye mwalimu alikuwa anamwita « kichwa ngumu ». Akiulizwa swali alikuwa anatabasamu tu, na tabasamu hiyo ilimletea fimbo. Tulikuwa tunacheka, na mimi nilicheka. Miaka mingi kisha, mama yake alinielezea kwamba homa kali ya utotoni ilikuwa imemharibu masikio. Nyumbani walimzoea, walikuwa wanasema naye wakimtazama usoni. Shuleni mwalimu alisema akiwa amegeukia ubao, na alisema Kifaransa, lugha ambayo mtoto huyo hakuwahi kuisikia vizuri kutoka kwa mtu yeyote. Aliacha masomo katika darasa la nne.

Kwa mtoto wa namna hiyo, anayesikia kidogo, mwalimu anaweza kufanya mengi: kumweka mbele, kumgeukia wakati wa kusema, kuandika maneno magumu, kumpa rafiki wa kumwonyesha ukurasa. Lakini kwa kiziwi kabisa, hapa lazima tuseme ukweli ambao baadhi ya wanaharakati hawaupendi. Kumweka peke yake kati ya watoto sitini wasiojua ishara hata moja, mbele ya mwalimu asiyezijua, ni kumtupa. Yeye anahitaji lugha kwanza, na lugha yake ni ishara. Akikosa wenzake na mwalimu wanaoisema, afadhali shule ya viziwi kuliko darasa la kawaida ambamo anatazama midomo ikichezacheza.

Shule hizo zina historia ambayo watu wengi hawaijui. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi yeye mwenyewe, alifungua shule ya viziwi nchini Ghana mwaka wa 1957, kisha akaendelea nchi kwa nchi hadi kufika Zaire na Burundi. Ishara ambazo viziwi wengi wa Afrika inayosema Kifaransa wanatumia leo zina mzizi katika kazi yake. Alikufa katika ajali ya ndege nchini Rwanda, tarehe 3 Desemba 1987. Miaka mitano kisha, Umoja wa Mataifa ulichagua tarehe hiyo hiyo, bila kumfikiria yeye, kuwa siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu.

Kuna watakaotujibu: kwa nini basi wote wasipelekwe katika vituo vyao? Bukavu kuna Heri Kwetu, Goma kuna Shirika la Umoja, na vituo hivyo vimetembeza watoto ambao familia zilikuwa zimekata tamaa. Tunaviheshimu. Lakini viko mijini. Mtoto wa Shabunda ao wa Walikale atafika kwa barabara gani, na atalala kwa nani? Tena mtoto anayetembea kwa magongo, mwenye akili timamu na macho mazuri, anahitaji kituo kwa ajili gani? Anahitaji darasa lililo chini, si la ghorofa, na choo ambacho anaweza kuingia. Hapa Goma tunajengea juu ya mawe ya volkano: uwanja wa shule ukiachwa na mawe makali, hakuna trisikli itakayopita. Wazazi wakikusanyika Jumamosi moja na changarawe, njia kutoka mlangoni hadi darasani inaweza kusawazishwa.

Vita navyo vinatuongezea kazi. Mtoto aliyekuwa anaandika kwa mkono wa kuume, na sasa amebaki na wa kushoto, anaanza upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Maandishi yake yatakuwa mabaya kwa miezi mingi. Kumpunguzia alama kwa sababu ya « usafi wa daftari » ni ukatili. Apewe nusu saa zaidi kwenye mtihani, ao ajibu kwa mdomo. Na wale wenye ulemavu wa akili, ambao tunawasahau mara nyingi zaidi, wanahitaji hesabu ya mawe na vijiti kabla ya hesabu ya ubaoni, pia mwalimu anayekubali kurudia mara ya tano bila kelele.

Tunajua mwalimu atatuuliza nini, na ana haki. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka wa 2019, madarasa yalijaa kupita kiasi. Walimu wengi bado wanaitwa « N.U. », maana yake wanafundisha bila mshahara wa serikali. Kumwambia mtu wa namna hiyo ajifunze Braille jioni, kwa pesa zake, ni kumdhihaki. Kwa hiyo tutenganishe mambo. Benchi ya mbele, uso kugeukia watoto, kusoma kwa sauti kila neno linaloandikwa ubaoni, dakika za ziada, kofia: hayo ni ya mwalimu na direkta, na hayangoji Kinshasa. Karatasi nzito ya Braille, kibao chake na msumari wake wa kutobolea, mitihani ya taifa iliyotayarishwa kwa wasioona, kifaa cha kusikilizia, saa za kumfundisha mwalimu mambo haya katika shule za ualimu: hayo ni ya serikali, na sahihi ya mwaka 2022 haitoshi kuyalipa. Bajeti ndiyo itakayotuonyesha kama sheria ile ni ya kweli. Wabunge wetu wa mashariki, ambao wanajua kuuliza maswali juu ya barabara, waulize na juu ya hili.

Kuna kazi moja ndogo ambayo kila direkta anaweza kuianza mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Mzazi anapomwandikisha mtoto, anaulizwa jina, umri na mahali anapokaa. Aulizwe pia: anaona vizuri? Anasikia? Anatembea na kushika kalamu bila shida? Anapatwa na kifafa? Majibu yasifungiwe katika ofisi. Mwalimu apewe karatasi hiyo kabla ya siku ya kwanza, ili ajue ni nani atakaa wapi.