Aliyegonga mlango usiku ndiye tuliyemfungia nje

Hebu fikiria ploti unakoishi. Saa nane usiku, mama wa chumba cha mwisho ananusa gesi inavuja. Anagonga mlango baada ya mlango, watu wanatoka na watoto mgongoni, ploti nzima inapona. Asubuhi mwenye nyumba anakuja na kufuli, anafunga chumba cha yule mama. Ati kwa sababu yeye ndiye aliongea kwanza, lazima gesi ilitoka kwake.

Sasa niambie, siku nyingine akinusa gesi, atamwamsha nani?

Hivyo ndivyo walivyofanyiwa wenzetu wa Afrika Kusini na Botswana mwishoni mwa 2021. Wanasayansi wao waliona kirusi cha corona chenye mabadiliko mengi kuliko kawaida. Hawakunyamaza. Waliweka taarifa za jeni zake mahali ambapo wanasayansi wa dunia nzima wangeziona, na Novemba 24 Afrika Kusini ikaliarifu Shirika la Afya Duniani, WHO. Siku mbili baadaye kirusi hicho kikapewa jina: Omicron.

Na shukrani? Uingereza, Umoja wa Ulaya na Marekani wakawafungia wasafiri wa kusini mwa Afrika. Orodha ya Marekani ilikuwa na nchi nane, zote za Afrika. Kumbe Omicron ilikuwa ishafika Ulaya. Uholanzi ilikuja kuikuta kwenye sampuli iliyochukuliwa Novemba 19, siku tano kabla ya Afrika Kusini kutoa taarifa. Uholanzi haikuwekwa kwenye orodha hiyo. Kibaya zaidi, Profesa Tulio de Oliveira, mmoja wa waliogundua kirusi hicho, alilalamika kwamba ndege zikisimama, hata kemikali za kukichunguza zitawaishia maabarani.

Utaniambia kila nchi ina haki ya kulinda watu wake. Sikatai. Sisi wenyewe Mei 2020 tulifunga mpaka wetu na Tanzania, tukaruhusu mizigo tu. Tanzania ilikuwa imeacha kutoa takwimu tangu mwisho wa Aprili, ikiwa imefika wagonjwa 509, na pale Namanga madereva wa malori walikuwa wanapimwa na kukutwa na virusi.

Lakini weka hizo hadithi mbili kando kwa kando. Aliyenyamaza alifungiwa mpaka. Aliyesema alifungiwa anga. Kama mwisho wao ni mmoja, waziri wa afya wa nchi maskini atapata wapi nguvu ya kumwambia rais wake, "Mzee, tutangaze leo"?

Na kuna deni lingine. Ukishatoa habari na sampuli, dawa zinazotengenezwa kutokana nazo zinaenda kwa nani? Mwaka 2007 Indonesia iligoma kutuma sampuli za homa ya ndege kwa WHO. Sababu yao ilikuwa wazi: sampuli zinatoka kwao, kampuni za nje zinatengeneza chanjo, halafu Waindonesia wenyewe hawawezi kuinunua. Dunia ilikasirika, lakini mgomo huo ulizaa mwafaka wa mwaka 2011 kuhusu kugawana virusi vya mafua pamoja na faida zake. Corona haikuwemo, maana si mafua. Ndiyo maana Uingereza ilianza kuchanja Desemba 2020, na sisi tukapokea shehena ya kwanza Machi 2021, dozi kama milioni moja kwa nchi ya watu karibu milioni 50. Na kafyu tulikaa nayo hadi Mashujaa Dei ya 2021. Waliokuwa na kibanda cha chipsi au kazi ya usiku wanajua hiyo ilimaanisha nini.

Mpoksi nayo hivyohivyo. Julai 2024 Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza, msafiri aliyegunduliwa mpakani Taveta akitoka Uganda kuelekea Rwanda. Tulisema mapema, vizuri sana. Lakini Kongo, waliokuwa wakizikana kila wiki, walipata shehena ya kwanza ya chanjo Septemba mwaka huo, ilhali Ulaya na Marekani walikuwa wanachanja watu wao tangu 2022.

Mei 2025 nchi wanachama wa WHO zilipitisha mkataba wa majanga ya maradhi. Unazungumzia watengenezaji kuipa WHO asilimia 20 ya chanjo na dawa wakati wa janga, angalau nusu yake bure. Tatizo ni kwamba kipengele chenyewe cha jinsi ya kugawana virusi na faida kiliachwa kijadiliwe baadaye. Hapo ndipo nataka wawakilishi wetu wakaze. Anayetoa taarifa mapema apate mgao wake wa chanjo kwa haki, si kwa huruma. Na nchi inayomfungia mlango ilazimike kuonyesha sababu ya kisayansi, na iache vifaa vya maabara vipite.

Tusiwaachie wanadiplomasia peke yao, lakini. Mwaka 2020 Wakenya waliopona corona walipojitokeza kwenye runinga kutusimulia, tuliwafanyia nini mtandaoni? Matusi, kejeli, memi. Mtaani mtu akikohoa, majirani walimhama. Wengi wakaamua heri kukaa na homa ndani ya nyumba kuliko kwenda kupimwa. Tuliwafanyia wenzetu kilekile ambacho Ulaya iliwafanyia Waafrika Kusini.

Janga lingine litakuja. Mtu wa kwanza kuliona anaweza kuwa muuguzi wa Busia au dereva wa lori pale Malaba. Akisema, tumsikilize, na tuhakikishe dawa ikifika, inaanza kwake.