Kilio cha Mtoto Usiku Si Mzigo wa Mama Peke Yake

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyeufanya usiku kuwa sitara na usingizi kuwa mapumziko ya viumbe wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Masahaba zake.

Ndugu wasomaji, mashauri mengi yanayoletwa mbele ya kamati yetu ya msikiti huhusu matumizi ya nyumbani, talaka na mirathi. Hivi karibuni tuliletewa shauri la namna nyingine. Kijana mmoja na mkewe, wazazi wa mtoto wa miezi minne, walikuja kutaka suluhu. Mume alikuwa amehamia kulala sebuleni kwa kuwa kilio cha mtoto kilimfanya asinzie kazini. Mke aliinamisha kichwa kwa muda, kisha akakiri jambo lililotunyamazisha sote: kwa siku tatu mfululizo alimpa mtoto dawa ya maji ya mafua, hali ya kuwa mtoto hana mafua, ili alale na nyumba itulie. Alfajiri ya siku ya tatu mtoto hakuamka kunyonya, na alipotikiswa alilegea mikononi. Alhamdulillahi, alizinduka zahanati. Kwa idhini yao tunalisimulia hili bila kuwataja, kwani tunachelea kuwa nyumba yao si ya pekee.

Dawa za mafua zenye kuleta usingizi si dawa za kumlaza mtoto. Kwa mtoto mchanga zinaweza kudhoofisha upumuaji, na mama aliyechoka asijue mpaka hatari imekwishafika. Asipewe ila kwa maelekezo ya mganga.

Tufahamu kwanza kwamba mtoto mchanga kuamka usiku si ukorofi, wala si dalili kuwa mama hajui kulea. Tumbo lake ni dogo, na maziwa ya mama humeng'enywa upesi. Kwa hiyo huamka kila baada ya saa mbili au tatu. Mwili wake pia haujatambua tofauti ya usiku na mchana. Utambuzi huo huanza kujengeka kadiri anavyokaribia miezi mitatu. Wapo wanaokimbilia kusema mtoto ana zongo. Kumsomea mtoto kinga ni Sunna, na Mtume (S.A.W.) aliwakinga wajukuu wake Hassan na Hussein. Lakini anayesoma apapase pia paji la uso kama lina homa, na atazame nepi kama imelowa. Homa ya mtoto mchanga haingoji asubuhi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, limetaja kiasi cha usingizi kwa siku nzima, pamoja na wa mchana: mtoto wa chini ya miezi minne saa 14 hadi 17, wa miezi minne hadi 11, saa 12 hadi 16, wa mwaka mmoja hadi miwili, saa 11 hadi 14, na wa miaka mitatu hadi minne, saa 10 hadi 13. Sasa tujihesabu. Mtoto wa miaka minne anayekaa mkekani mbele ya televisheni tangu taarifa ya habari hadi tamthilia imalizike saa nne usiku, kisha akaamshwa saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari la shule, amelala saa saba tu. Jioni anasinzia juu ya juzuu yake madrasa, na ustadhi anamwona mvivu.

Tiba ya hili tunayo milangoni mwetu. Katika nchi yetu, iliyo jirani na Ikweta, jua huzama karibu wakati ule ule mwaka mzima. Adhana basi ni saa ya kulelea. Mtume (S.A.W.) ametuelekeza kuwaingiza watoto ndani giza linapoanza kuingia. Adhana ya Magharibi iwe ishara ya kuacha michezo: mtoto aoge, ale, taa zipunguzwe, simu na televisheni zizimwe. Asomewe sura fupi na dua ya kulala, kwa utaratibu ule ule kila siku, na Isha imkute kitandani. Wala asione mtu haya kumlaza mtoto mapema. Imepokewa kuwa usiku mmoja Mtume (S.A.W.) aliichelewesha Isha mpaka Sayyidna Umar akamjulisha kuwa wanawake na watoto wamekwishalala.

Mtoto mchanga naye azoezwe taratibu. Mchana akae penye mwanga na sauti za nyumbani. Usiku anyonyeshwe penye mwanga hafifu, bila mazungumzo wala michezo. Afikapo miezi minne hivi, atolewe mbelekoni na kulazwa akiwa amelegea kwa usingizi lakini macho hayajafumba kabisa, ili ajifunze kusinzia mwenyewe. Siku zote alazwe chali, juu ya godoro lisilobonyea, ndani ya chandarua chenye dawa, pasipo mto wala blanketi zito karibu na uso wake. Asilazwe na mtu mzima kwenye kochi, na pasivutwe sigara chumbani mwake.

Tunarejea kwa kina baba, nasi tukiwa miongoni mwao. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiingia katika Swala akikusudia kuirefusha, kisha akisikia kilio cha mtoto akaifupisha, kwa kuchelea kumtia mama yake mashakani. Ikiwa Swala yenyewe ilifupishwa kwa ajili ya moyo wa mama, usingizi wetu una utukufu gani hata usifupishwe? Baba hawezi kunyonyesha, lakini anaweza kubadilisha nepi, kumcheulisha mtoto na kumbeba begani mama apate saa mbili za kulala. Anaweza pia kuizima televisheni anayoitazama yeye.

Yule kijana hatukumhutubia sana. Tulimweleza hadithi hiyo, naye akanyamaza. Walikubaliana kuwa mtoto akishanyonya usiku, baba ndiye atakayemrudisha kulala, na usiku wa kuamkia siku ya mapumziko mama atalala huku baba akikesha. Juma lililofuata tulimwona kijana huyo katika safu ya Alfajiri, macho mekundu, akitabasamu. Godoro la sebuleni, alitwambia, limekwisharudi chumbani.

Tunamwomba Allah (S.W.) azijaalie nyumba zetu utulivu, na awahifadhi watoto wetu usiku na mchana. Amin.

Wabillahi Tawfiq.