MIEZI SABA YA KUNYAMAZA



Meza ya ofisi yetu imezoea barua za kila namna: za kufukuzwa kazi, za likizo isiyolipwa, za malimbikizo ya mshahara. Siku hizi twaletewa na barua nyingine ambayo si ya kazi. Mwanachama aingia, avua kofia, aketi, atoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni barua ya dalali. Nyumba yake itauzwa kwa mnada, siku imetajwa, na tangazo limekwisha kutiwa gazetini. Twamwuliza, "Barua ya kwanza uliipata lini?" Anyamaza kidogo. Kisha asema ilikuja mwaka jana, akaiweka chini ya godoro.

Hatuandiki haya ili kumcheka mtu. Mwenzetu wa mwisho aliyekuja na barua ya namna hiyo ni mtu tunayemheshimu. Alijenga chumba kimoja kimoja kwa muda wa miaka kumi na mmoja, bati baada ya bati, na mkopo wa kujengea aliulipa wote akabaki hana deni. Nyumba haikuponzwa na mkopo huo. Iliponzwa na ule wa pili, alioutoa hati yake kuudhamini ili ndugu yake anunue gari la abiria. Gari liliharibika, ndugu akahama mji, na barua zikaanza kuja kwa jina la mwenye hati. Mkewe alipata habari kwa jirani aliyesoma gazeti.

Sisi twasema hivi, na tunataka kila mwenye nyumba asikie: sheria ya Kenya haimruhusu mkopeshaji kuja leo na kuuza kesho. Inampa mwenye nyumba muda mrefu, tena mrefu kuliko watu wengi wanavyodhani. Masikitiko yetu ni kwamba wanachama wetu wautumia muda huo kujificha.

Tuuhesabu pamoja. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, ukikosa kulipa na mwezi mmoja ukapita, ndipo mkopeshaji aliyeshika hati yako kwa rehani aweza kukuandikia barua ya kwanza. Barua hiyo sharti itaje ni kiasi gani kinachodaiwa, na ikupe muda usiopungua miezi 3 wa kukilipa. Miezi hiyo ikipita bila malipo, yaja barua ya pili, ya kusudi la kuuza, nayo yakupa siku zisizopungua 40. Hizo zikiisha kazi yakabidhiwa dalali, naye pia kanuni za madalali zamfunga: sharti akupe siku zisizopungua 45 za kuikomboa mali yako. Baada ya hapo atangaza gazetini, na mnada hauwezi kufanywa kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza. Jumlisheni wenyewe. Ni miezi saba na zaidi, kama kila mmoja akifuata sheria. Na kama hakuifuata, kama barua fulani haikuletwa au siku zilipunguzwa, hilo ni jambo la kupelekwa kwa wakili upesi, kwa maana mahakama yaweza kuusimamisha mnada. Lakini nani atajua kwamba siku zilipunguzwa, ikiwa barua haikufunguliwa?

Mwezi wa kwanza mtu ana nguvu kuliko anavyofikiri. Mkopeshaji hapendi kesi wala minada. Ataka fedha zake. Mtu aendaye mwenyewe, kabla hajaitwa, na karatasi yake ya mshahara mkononi, akasema, "Kazini tumepunguziwa saa, naweza kulipa nusu kwa miezi sita," mara nyingi husikilizwa na mkopo ukapangwa upya. Mtu yule yule akienda mwezi wa saba hukuta faili imekwisha kutoka mikononi mwa karani, na juu ya deni zimeongezwa gharama za wakili na za dalali. Mwombe karani akuandikie mapatano yenu. Neno la mdomo la karani halina sahihi.

Na ikiwa mwaona wazi kwamba deni halilipiki, basi bado kuna njia moja yenye heshima, nayo ni kuiuza nyumba wenyewe kwa mapatano na mkopeshaji, kabla ya mnada. Ni kweli kwamba sheria yamtaka mkopeshaji atafute bei nzuri kadiri iwezekanavyo, na kwamba nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya bei ya soko kwa robo nzima au zaidi, yadhaniwa kwamba hakutimiza wajibu wake mpaka aonyeshe vingine. Hata hivyo watu huenda mnadani kutafuta rahisi. Mnunuzi mtakayemtafuta wenyewe kwa miezi minne atawapa zaidi, na kitakachobaki baada ya deni ni chenu.

Sasa twageukia jambo ambalo wanaume katika chama hiki hawalipendi. Mficheni nani mnayetaka, lakini msimfiche mwenzenu wa nyumbani. Sheria hiyo hiyo ya 2012 yasema kwamba rehani juu ya nyumba ya ndoa haina nguvu bila sahihi au idhini ya mke au mume anayekaa humo. Maana yake ni kwamba mama wa nyumba ana haki ya kusema "La". Twajua jinsi idhini hiyo inavyopatikana: karatasi yaletwa jioni, chakula kiko mekoni, mtoto analia, na mume asema, "Tia sahihi hapa, ni mambo ya benki." Dada zetu na mama zetu, msitie sahihi jikoni. Chukueni karatasi, ilaleni nayo, muulize ni deni la nani, la nini, la miaka mingapi. Wanachama wetu wanawake wenye hati kwa majina yao, nao wasiogope kuulizwa hivyo na waume zao. Na nakala ya ile barua ya siku 40 sharti apelekewe pia mke au mume aliyetoa idhini, kwa hiyo siri yenyewe haifiki mbali.

Kuhusu kumdhamini ndugu kwa hati, maoni yetu ni makali na tunajua tutalaumiwa. Mpe ndugu yako fedha ulizo nazo, au mkopeshe ukijua kwamba huenda zisirudi. Hati usimpe. Anayekasirika kwa kunyimwa hati atapoa, hata kama ni baada ya mwaka.

Tena kuna riba. Wanachama wengi huuliza "Ni kumi na mbili kwa mia?" wakajibiwa "Ndiyo," wakaondoka wameridhika. Swali hilo ni nusu tu. Ulizeni: riba yahesabiwa juu ya deni linalobaki, au juu ya mkopo wote mpaka mwisho? Tuchukue Shs. 600,000/- kwa miaka 4, riba 12 kwa mia kwa mwaka. Ikihesabiwa juu ya deni linalopungua, utalipa karibu Shs. 15,800/- kila mwezi, na riba yote itakuwa karibu Shs. 158,400/-. Ikihesabiwa juu ya mkopo wote utalipa Shs. 18,500/- kila mwezi, na riba yote ni Shs. 288,000/-. Karani wote wawili wamesema "kumi na mbili," na hakuna aliyesema uwongo. Tofauti ni Shs. 129,600/-, yaani mabati, misumari na mshahara wa fundi.

Sheria ya Ajira ya 2007 yakataza makato yanayopitia kwa mwajiri kuzidi theluthi mbili za mshahara. Wengi waichukua theluthi mbili kama ruhusa, wakakopa mpaka pale. Mwenye mshahara wa Shs. 45,000/- abaki na Shs. 15,000/-, na katika hizo kuna chakula, nauli, karo na dawa. Mikopo ya simu haimo katika hesabu hiyo, wala mchango wa chama cha akina mama, wala harambee ya kijijini. Twashauri mwenye nyumba aweke malipo yote ya madeni, ya wazi na ya siri, yasipite theluthi moja. Mtasema haiwezekani kwa mishahara tunayolipwa. Ni kweli kwa wengi, na ndiyo sababu tunadai mishahara na posho ya nyumba kila mwaka. Lakini deni halingoji mapatano yetu na waajiri.

Tumeona pia mikopo inayochukuliwa juu ya hati ili "kumaliza" nyumba, na kumaliza huanza na lango la chuma na vigae vya sebuleni. Paa la mita za mraba 60, ikinyesha mvua ya milimita 25, lamwaga lita 1,500 za maji. Pasipo mifereji maji yote hayo huangukia kwenye msingi, mwaka kwa mwaka, na ufa uonekanao ukutani ulianzia huko. Mifereji, tangi, na kuziba matundu ya misumari, hayo hununuliwa kwa akiba ya miezi michache. Lango lingoje. Wezi wa mtaa wetu huruka ukuta hata hivyo.

Neno juu ya akiba ya uzeeni. Tangu 2009 kanuni zaruhusu mwanachama wa mfuko wa malipo ya uzeeni kuweka hadi 60 kwa mia ya akiba yake kuwa dhamana ya mkopo wa nyumba, na tangu 2020 aweza kutumia hadi 40 kwa mia kununulia nyumba ya kukaa, isipite shilingi milioni 7. Hatusemi msitumie. Lakini aliyenunua nyumba kwa fedha za uzee, kisha akaiweka nyumba hiyo hiyo rehani kwa biashara, ameuweka rehani na uzee wake.

Na mtu akipunguzwa kazini aende kwa mkopeshaji juma lile lile, kabla fedha za kuachishwa hazijaanza kuliwa. Sheria yampa mshahara usiopungua siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza kazini; mwenye miaka 12 apata siku 180. Azigawe na deni la nyumba likiwa mezani, na aulize kama mkopo wake una bima, na kama bima hiyo yagusa kifo peke yake au na kupoteza kazi pia.

Kwa wakopeshaji tuna lalamiko moja. Katiba ya 2010 yataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mbona tangazo la kumvuta mtu akope huandikwa kwa Kiswahili kitamu, na barua ya kumnyang'anya nyumba huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, kurasa nne, hata mwalimu aisome mara mbili? Barua nyingine zilikwenda chini ya godoro kwa sababu hiyo tu. Tutaomba kila mkopeshaji anayekata malipo yake kwenye mishahara ya wanachama wetu aambatishe ukurasa mmoja wa Kiswahili: wadaiwa kiasi gani, una siku ngapi, uende kwa nani.

Mpaka hapo tutakapojibiwa, kila Jumamosi asubuhi tutakuwa na mtu ofisini wa kusoma barua hizo na kuzieleza, bila malipo. Mje na nakala ya hati, mapatano ya mkopo, taarifa ya deni, na karatasi za mshahara za miezi mitatu. Mwenye mke au mume aje naye. Na barua zilizoko chini ya godoro zije zote, hata zile ambazo hazijafunguliwa.