Basari isiwe bei ya siri za wanafunzi Kwale

KILA msimu wa basari unapowadia katika Kaunti ya Kwale, wazazi kutoka Ukunda, Msambweni hadi Kinango hujaza fomu zinazodai kujua mengi: nani amefariki katika familia, nani ana ulemavu, nani anaugua maradhi ya kudumu, mapato ya nyumba ni kiasi gani. Ripoti ya mtihani huambatanishwa, yatima huongeza cheti cha kifo, kisha chifu na kiongozi wa dini hutia sahihi. Fomu inapofika mbele ya kamati, maisha ya mtoto huyo yamekwisha kupitia mikono mingi ya watu wanaomfahamu.

Baadaye hutoka orodha ya waliofaulu, ikabandikwa ukutani au kusambazwa kwa simu: jina kamili, shule na kiasi cha fedha. Sababu yake si mbaya. Fedha hizo ni za umma, na mwananchi ana haki ya kujua iwapo mtoto wa mkubwa amekalia nafasi ya yatima. Atakayezifuta orodha hizo kwa kisingizio cha usiri atakuwa amewafungulia wafisadi mlango. Huo ndio utata wenyewe, na haujadiliwi hata nusu ya jinsi wanavyojadiliwa wadukuzi wa mitandao.

Sheria ipo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinamkinga kila mtu asilazimishwe kutoa habari za familia yake, wala zisifichuliwe, pasipo haja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya, mali na familia kuwa nyeti, na sehemu yake ya 33 inataka idhini ya mzazi kabla ya data ya mtoto kutumiwa. Wala si sheria ya kabatini. Mnamo Septemba 2023, afisi ya Kamishna wa Data, Bi Immaculate Kassait, iliitoza Shule ya Roma iliyoko Uthiru, Nairobi, faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Hata hivyo, idhini ya mzazi wa Uthiru anayelipa karo mwenyewe haiwezi kulinganishwa na ya mzazi wa Lunga Lunga ambaye mwanawe amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Huyu wa pili atatia sahihi popote atakapoonyeshwa. Sheria inataka idhini itolewe kwa hiari, na hiari ya mwenye dhiki ni jambo la kutiliwa shaka.

Mahakama Kuu ilikwisha kuonyesha njia. Mnamo Februari 2015, Rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, aliagiza makamishna wa kaunti wakusanye takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi pamoja na habari za walezi wao. Shirika la KELIN na wenzake walipinga agizo hilo, na Desemba 7, 2016 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba lilikiuka haki ya faragha na maslahi ya mtoto. Akaipa serikali siku 45 kuyageuza majina kuwa alama, ili mtu asiweze kuhusishwa na hali yake katika hati ya umma.

Kanuni hiyo yafaa basari vilevile. Ukutani iwekwe namba ya usajili, shule, wadi na kiasi. Majina na sababu za uhitaji zibaki katika faili ambalo mkaguzi wa hesabu ataruhusiwa kulifungua. Wanafunzi wenzake huenda wakaitambua namba hiyo. Mpita njia hataitambua.

Ufadhili wa kibinafsi ni legelege zaidi. Katika ukanda wa hoteli wa Diani, wapo wageni wanaolipia watoto karo, na mara nyingi mfadhili hutumiwa picha, jina, ripoti ya shule na kisa cha familia. Wengi wana nia njema. Lakini ikumbukwe kwamba utafiti wa UNICEF wa 2006 ulikadiria kuwa wasichana kati ya 10,000 na 15,000 katika wilaya za Malindi, Mombasa, Kilifi na Kwale walikuwa wameingizwa katika biashara ya ngono. Karatasi inayosema binti fulani hana baba, na anasoma shule gani, ikiangukia mikono isiyofaa humwonyesha mwenye nia mbaya pa kuanzia.

Bodi za shule hazihitaji kompyuta ili kulirekebisha hili. Daftari moja katika afisi ya mwalimu mkuu latosha kuandika nani alichukua nakala ya rekodi, ya mwanafunzi yupi, lini na kwa ruhusa ya nani. Na mfadhili anapoacha kulipa, aandikiwe barua ya kutakiwa kuziharibu nakala alizo nazo.