Chuo cha Sheria Kijengwe Huku Kwetu

Mwezi wa Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, chuo kilichozaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa kwa kitivo kimoja tu. Hakikuwa kitivo cha uganga wala cha ufundi. Kilikuwa cha sheria, cha kwanza katika Tanganyika, Kenya na Uganda. Wanafunzi walikuwa 14, na darasa lao lilikuwa katika jengo la TANU, kwenye mtaa unaoitwa leo Lumumba.

Kwa nini sheria? Kwa sababu wakati wa ukoloni Bwana Shauri alikuwa mtawala na hakimu pamoja. Mwananchi aliijua sheria siku aliyotozwa faini. Wazee wetu waliona kwamba taifa lisilo na wanasheria wake litaongozwa na wanasheria wa wengine. Hawakungoja majengo ya Mlimani. Chama kilitoa paa lake, kazi ikaanza.

Ndugu wananchi, sasa tutazame huku kwetu. Kagongwa ni mji wa mpunga, na jirani zetu wa Bulyanhulu na Geita wamekalia dhahabu. Penye ardhi, mpunga na dhahabu hapakosi mashauri. Mkulima huletewa karatasi ya fidia, akatia dole gumba bila kuisoma. Wachimbaji wadogo hupatana kwa mdomo juu ya duara. Dhahabu ikionekana, maneno hugeuka.

Si kwamba sheria hakuna. Ipo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Ipo Sheria ya Madini ya mwaka 2010, inayompa mkulima haki ya kudai fidia mazao yake yakiharibiwa na mwenye leseni. Lakini kisima kirefu hakimfai asiye na kamba.

Mwaka 2021 mawakili waliruhusiwa kuingia mahakama za mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi. Ni jambo jema. Lakini tangu hapo tajiri aweza kuja na wakili wake, na mkulima akaja na shahidi wake tu. Je, hiyo ndiyo haki sawa?

Na kijana wetu anayetaka kuwa wakili? Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, ilianzia Dar es Salaam, karibu kilometa elfu moja kutoka hapa. Mtoto wa mkulima atafute nauli, chumba na chakula. Akihitimu, hubaki huko huko. Hatumlaumu. Mti huzaa pale ulipopandwa.

Watasema: Mwanza kipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kinafundisha sheria. Kweli kipo, nacho kinafanya kazi njema. Lakini ni chuo cha Maaskofu Katoliki, na wajibu wa Serikali haulipwi na kanisa. Watasema tena: fedha hakuna. Mgodi mkubwa wa Geita umetoa dhahabu tangu mwaka 2000. Nchi inayochimba dhahabu huku haiwezi kukosa matofali ya kujenga darasa huku.

Kwa hiyo tunadai chuo cha sheria cha umma katika ukanda huu. Kifundishe sheria za ardhi, madini, mirathi na ushirika. Wanafunzi wake waende vijijini na mahakama za mwanzo kuwasaidia wasio na fedha. Na kifundishe kwa Kiswahili, kwa kuwa Bunge limekwisha kukifanya lugha ya sheria na mahakama, mwaka huo huo wa 2021.

Wanachama, lisemeni jambo hili katika mikutano ya matawi. Waulizeni madiwani na wabunge wenu, na msiridhike na ahadi. Mwaka 1961 hatukuwa na majengo, tukaanza na wanafunzi 14. Huku kwetu tukipata 14, tuanze.